Daktari asilipwe kwa utii wa mgonjwa: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa)

Waheshimiwa Mawaziri,

YAH: MALIPO YA MOTISHA KWA MADAKTARI NA WAJIBU WA MGONJWA

Ninawaandikia nikiwa daktari msaidizi mstaafu, niliyeanza kazi kama tabibu katika zahanati moja ya delta ya mto Rufiji na kuimalizia katika kliniki ya kisukari na shinikizo la damu ya hospitali ya wilaya. Nimefanya kazi chini ya mfumo wa malipo kwa ufanisi, ambapo kituo na watumishi wake hulipwa motisha kwa kufikia malengo, nimepokea motisha yake na nimewahi kuikosa. Naandika sasa kwa sababu utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 utatulazimu tufikirie upya namna ya kuwalipa watoa huduma, na kila jambo hilo linapozungumzwa nasikia hoja mbili zikigongana. Wapo wanaosema daktari alipwe kwa matokeo ya wagonjwa wake, na wapo wenzangu wa taaluma wanaojibu kwamba matokeo yako mikononi mwa mgonjwa, kwa hiyo mgonjwa naye abebe mzigo wake. Naziheshimu hoja zote mbili. Hofu yangu ni kwamba kila moja, ikifuatwa peke yake hadi mwisho, itamwangukia mgonjwa aliye mbali zaidi na huduma.

Serikali iliujaribu mfumo huo wa malipo kwa ufanisi katika Mkoa wa Pwani, kuanzia mwaka 2011, kwa msaada wa Serikali ya Norway. Kila baada ya miezi sita tulipimwa ni wanawake wangapi wamejifungulia kituoni, wajawazito wangapi wamemeza dozi mbili za SP, yaani dawa ya kuzuia malaria, watoto wangapi wamepata matone ya polio ndani ya wiki mbili za mwanzo, wangapi wamechanjwa surua, chati za kufuatilia uchungu wa uzazi zimejazwa kwa kiasi gani, na kama taarifa za MTUHA, yaani takwimu za huduma za kituo, zimefika wilayani kwa wakati. Kituo kilichofikia lengo lote kililipwa kikamilifu, kilichofikia kati ya asilimia 75 na 99 ya lengo kililipwa nusu, na kilichoishia chini ya hapo hakikupata kitu kwa kipengele hicho. Kwa mtumishi, motisha iliweza kufika karibu asilimia 10 ya mshahara wake wa mwezi, na timu za usimamizi wa afya za wilaya na mkoa nazo zilikuwa na motisha yao iliyotegemea jinsi vituo vilivyo chini yao vilivyofanya.

Sitasema mpango ule ulikuwa mbaya, kwa sababu haukuwa. Tathmini iliyofanywa na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzao wa London, iliyochapishwa mwaka 2015, ilionyesha kwamba kujifungulia kituoni kuliongezeka kwa takriban asilimia 8 zaidi ya wilaya za kulinganishia, na matumizi ya SP kwa takriban asilimia 10. Mimi mwenyewe nililiona jambo hilo kwa macho. Muuguzi aliyekuwa akingoja SP iishe ndipo aandike maombi alianza kuhesabu vidonge kila Ijumaa, na sehemu ya fedha iliyobaki kituoni ilitusaidia kuezeka upya chumba cha kujifungulia, ambako kwa miaka tulikuwa tukikisogeza kitanda kila mvua iliponyesha. Mtumishi anapoona kwamba kazi yake inatazamwa, anajitahidi zaidi, na sitaki mtu yeyote asome barua hii akadhani naomba turudi katika kulipana bila kuulizana.

Lakini naomba niwaeleze mzunguko wa Januari hadi Juni ulivyokuwa kwa zahanati ya delta. Miezi hiyo ndiyo miezi ya mpunga. Familia nyingi huhama kijiji na kwenda kuishi shambani, ng'ambo ya mto, juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, na hukaa huko hadi mavuno. Masika nayo huingia katikati ya kipindi hicho. Mama mwenye mtoto wa miezi tisa anayetakiwa kuchanjwa surua inambidi ateremke kwenye dungu, apate mtumbwi, asubiri maji yajae ili mtumbwi upite kwenye kijito, na akifika zahanati alasiri akute siku ya chanjo imeisha au chanjo haijaletwa. Sisi tulipimwa kwa mtoto huyo, na lengo letu lilipangwa kwa kuangalia tulifika wapi katika mzunguko uliotangulia, yaani Julai hadi Desemba, miezi ambapo watu wako kijijini. Hakuna daktari wala muuguzi ambaye juhudi zake zingeweza kuuhamisha msimu wa kilimo.

Hapo ndipo lilipoanza jambo linaloniumiza hadi leo. Kwa kuwa hatukuweza kuwafikia watu kwa boti, kwa sababu boti haikuwapo, tulianza kuwafikia kwa amri. Katika kijiji kimoja tulichokihudumia, serikali ya kijiji iliweka faini ya shilingi 10,000 kwa mwanamke atakayejifungulia nyumbani, na sisi watumishi hatukupinga. Ninakiri kwamba tulifurahi, kwa sababu takwimu zilipanda. Wakati huo huo wajawazito waliokuja kliniki mara ya kwanza bila waume zao walitakiwa kurudi kwa mwenyekiti wa kitongoji wakachukue barua ya kueleza mume yuko wapi. Nilimwona binti mmoja aliyetembea saa tatu akirudishwa kwa sababu hiyo; siku ya pili alikuja na dereva wa bodaboda aliyemlipa ili ajitambulishe kuwa ndiye baba wa mtoto.

Mwaka huo huo aliingia mama mmoja amembeba mtoto mchanga, akasema mtoto amezaliwa juzi. Nilipoifungua kanga nikaona kitovu kimeshadondoka, na pale kilipokuwa pamepona kabisa, ngozi kavu na safi. Sikumuuliza mbele za watu. Nilipombeba mtoto hadi chumba cha ndani, mama akanifuata na kuniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, nisamehe, nilizalia kwenye dungu usiku wa mvua, nikaogopa kuja kwa sababu ya ile faini." Mtoto alikuwa na wiki tano. Matone ya polio ya mwanzo yalikuwa yamempita, na chanjo ya kifua kikuu alikuwa hajaipata. Faini iliyowekwa ili kuinua kipengele kimoja ilikuwa imekiangusha kipengele kingine, lakini hilo si jambo kubwa kwangu. Kubwa ni kwamba mwanamke mwenye maumivu ya uzazi alijifunza kutuogopa sisi kuliko alivyoogopa kuzaa peke yake usiku juu ya maji.

Waheshimiwa, ninyi mkimlipa daktari kwa tabia ya mgonjwa, daktari atatafuta njia ya kuitawala tabia hiyo, na asipoweza kuitawala atatafuta njia ya kumwondoa mgonjwa kwenye hesabu. Sisemi hivi kwa kuwadharau wenzangu, kwani nimewaeleza kwamba nami nilikuwamo. Mtumishi mwenye mshahara mdogo, watoto shuleni na msimamizi anayempigia simu kila wiki kuuliza asilimia zimefika ngapi, hawezi kuachiwa dhamira yake pekee ibebe mzigo ambao mfumo umeupanga vibaya.

Majirani zetu wa Rwanda walisambaza malipo ya aina hii nchi nzima kuanzia mwaka 2006, na utafiti uliolinganisha vituo 166, uliochapishwa mwaka 2011, unafundisha jambo ambalo sioni likitajwa vya kutosha. Kujifungulia kituoni kuliongezeka kwa asilimia 23, na watoto walioletwa kwa uchunguzi wa kuzuia magonjwa waliongezeka sana. Lakini idadi ya wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne ya kliniki haikubadilika, wala ya watoto waliokamilisha chanjo zote. Mahudhurio manne yanamtaka mama aanze kliniki mapema na arudi tena na tena kwa miezi, na uamuzi huo unafanyika nyumbani, shambani na kwenye kibindo cha nauli, mbali na meza ya daktari. Fedha ilisogeza kile ambacho mtoa huduma alikuwa na uwezo wa kukisogeza.

Sasa nije kwenye wajibu wa mgonjwa, kwa sababu sitaki kuukwepa. Katika kliniki ya presha na kisukari nimekutana na wagonjwa walioelezwa, waliopewa dawa, waliokuwa na nauli, na bado hawakumeza. Yuko niliyemkataza pombe kwa miaka minne naye akanitazama usoni kila mwezi na kuniambia ameacha. Mtu mzima ana haki ya kuamua kuhusu mwili wake, na haki hiyo ina maana tu ikiwa matokeo ya uamuzi ule ni yake pia. Daktari aliyetimiza kila kilicho chake asikatwe senti moja kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo.

Tatizo ni kwamba wagonjwa wa namna hiyo ni wachache kuliko tunavyopenda kuamini, na kwenye rejista hawatofautiani na wengine. Kuna mzee mmoja aliyefika kliniki akiwa na presha 210 kwa 120, na kwenye kadi yake mwenzangu alikuwa ameshaandika kwa wino mwekundu kuwa mgonjwa hafuati maelekezo. Nikamsalimia, nikaketi naye, nikamuuliza kwa nini aliacha dawa. Akanijibu, "Mwanangu, sikuacha. Mlinipa za mwezi mmoja, nikamaliza zote, hata moja sikubakisha. Nikajua dozi imekwisha." Maisha yake yote mzee yule alikuwa amepewa dawa za malaria, za minyoo, za kikohozi, na kila mara aliambiwa amalize dozi. Alitutii kikamilifu. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa ya presha haina kumaliza, kwa sababu siku aliyoanzishwa kliniki ilikuwa na watu zaidi ya 80 na watabibu wawili, na maongezi yake na sisi hayakuzidi dakika tatu. Katika mfumo unaotoza wajibu kwa mgonjwa, mzee huyu angehesabiwa mkaidi. Katika mfumo unaomlipa daktari kwa presha iliyoshuka, daktari angehesabiwa mzembe. Kilichokosekana kati yao kilikuwa maelezo ya dakika kumi, nayo hayamo katika kipimo chochote nilichowahi kukijaza.

Kwa hiyo naamini wajibu wa mgonjwa unaweza kudaiwa pale tu ambapo ameelezwa akaelewa, dawa imekuwapo, na njia ya kufika imekuwapo. Na hata ukidaiwa, usidaiwe kwa fedha yake wala kwa kunyimwa huduma. Uishie kwenye kumwondolea daktari lawama.

Uingereza waliwahi kulishughulikia jambo hili kwa uangalifu, na tunaweza kujifunza kwao mema na mabaya. Mkataba wao wa mwaka 2004 uliwalipa madaktari wa familia kwa pointi, zikiwamo za wagonjwa ambao presha au sukari yao imedhibitiwa. Waliotunga mkataba walijua kwamba wapo wagonjwa wasioitikia, hivyo wakaruhusu daktari amtoe mgonjwa kwenye hesabu ikiwa ameitwa mara tatu bila kuja, amekataa matibabu kwa hiari, au hali yake hairuhusu dawa husika. Tena hakuna aliyedaiwa kufika asilimia 100 ili alipwe kikamilifu. Kiwango cha juu kiliwekwa chini ya hapo. Katika mwaka wa kwanza vituo vingi vilitoa wagonjwa wachache, ila vipo vichache vilivyotoa wengi mno, na hapo ndipo ulipo mlango wa hatari, kwa sababu kuita mara tatu kwa barua ni jambo jepesi kwa mwenye anwani na jambo lisilo na maana kwa asiye nayo. Kwetu, simu tatu zisizopokelewa kwa mtu aliye kwenye dungu zisihesabiwe kuwa wito.

Marekani walichukua njia nyingine na wakalazimika kuirekebisha. Kuanzia mwaka 2012 hospitali zao zilikatwa malipo pale wagonjwa wao wa magonjwa fulani waliporudi kulazwa ndani ya siku 30 kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, na ikadhihirika kwamba zilizokatwa zaidi zilikuwa zile zinazohudumia maskini, ambao hurudi wodini kwa sababu ya makazi, chakula na kukosa mtu wa kuwauguza. Mwaka 2016 Bunge lao likapitisha sheria iliyotaka kila hospitali ilinganishwe na nyingine zenye kiwango kinachofanana cha wagonjwa maskini, na utaratibu huo ukaanza katika mwaka wa fedha 2019. Hatuhitaji kwenda mbali kulithibitisha jambo hili. Utafiti uliofanywa hapa Pwani na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika mizunguko ya mwanzo vituo vilivyolipwa zaidi ni vile vilivyokuwa tayari na dawa na vifaa, na vilivyozungukwa na watu wenye nafuu ya maisha, ingawa pengo lilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Watumishi wa delta walikuwa wanalijua hilo kabla ya utafiti, na baadhi yao waliomba uhamisho.

Ninachowaomba, basi, ni kwamba motisha ya daktari ifungwe kwanza na kile anachokitenda. Je, alimpima presha kila mgonjwa aliyefika, alibadilisha dawa pale ilipobidi, alimweleza mgonjwa hadi akaweza kurudia maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na alimtafuta asiyerudi? Matokeo yenyewe, yaani presha na sukari zilizodhibitiwa, yapimwe na kutangazwa ili tujue tunakwenda wapi, lakini yabebe sehemu ndogo ya fedha. Mgonjwa aliyepotea kisha akafuatwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kurudi kliniki ahesabiwe zaidi ya yule anayekuja kila mwezi bila kusukumwa, ili mgonjwa mgumu awe mtu ambaye kituo kinamtamani badala ya kumkwepa. Mabadiliko hayo yangekuwa yametupa sisi wa delta sababu ya kukodi boti badala ya kuunga mkono faini.

Pale ambapo mgonjwa ameelezwa, amefuatwa na bado amekataa, daktari aruhusiwe kumtoa kwenye hesabu ya malipo kwa sababu iliyoandikwa, na mtu wa nje ya wilaya azikague sababu hizo kwa kuwatembelea baadhi ya wagonjwa waliotolewa. Sisitizo langu hapa ni moja: atoke kwenye hesabu ya fedha, asitoke kwenye rejista ya huduma, na idadi ya waliotolewa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kituo pamoja na takwimu nyingine.

Kila kituo kilinganishwe na hali yake yenyewe katika miezi ile ile ya mwaka uliopita, na malipo yapande kidogo kidogo badala ya kukatika ghafla. Kituo kilichofikia asilimia 74 ya lengo hakikufanya kazi bure ukikilinganisha na kilichofikia 75, lakini ndivyo tulivyoambiwa siku ya kupokea matokeo, na nakumbuka mkunga wetu alivyokaa kimya hadi kikao kikaisha. Ikiwa dawa au chanjo haikufika kutoka Bohari ya Dawa, kipengele kinachoitegemea kisimamishwe kwa kituo hicho, kwa ushahidi wa leja.

Mwisho, na hili ningependa liwe kwenye kanuni kwa maneno yasiyohitaji tafsiri, kituo chochote kitakachobainika kumtoza mgonjwa faini, kumrudisha mjamzito kwa kukosa mume, au kumwekea sharti lolote la aina hiyo, kipoteze motisha ya kipengele husika, na msimamizi wa wilaya aliyejua akanyamaza apoteze ya kwake pia. Mkifanya hivyo mtakuwa mmeiweka fedha upande wa mama, naye ataijua tofauti hiyo mapema kuliko ripoti yoyote itakavyoionyesha.

Rasimu ya kanuni za malipo itakapokuwa tayari, naomba kabla haijasainiwa ipelekwe delta mwezi Aprili, wakati wa mvua, kwa boti, isomwe na watumishi watakaolipwa kwayo na akina mama watakaohesabiwa ndani yake. Niko tayari kuisindikiza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Daktari msaidizi mstaafu
Mkoa wa Pwani